Sekunde Kumi na Nane

Tartu, Januari. Mto umeganda chini ya daraja,
karakana ya baiskeli iliyo chini yetu imefungwa mpaka theluji iyeyuke,
na mimi nina faili moja, ndani yake tarakimu moja:
upana wa amani.

Taavet alisema, ipanue.
Wageni wanauawa saa yao ya kwanza mchezoni, hawarudi tena.
Nikaandika saba palipokuwa na tatu.
Kazi ya kidole kimoja. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Basi amani ikamwagika.
Polisi wa chuma wakasimama kwenye nyota saba,
wachimbaji wakaja na meli zao pana, matumbo wazi,
wakaziacha zichimbe zenyewe,
wao wamekwenda kazini, wamelala, wako harusini.
Kobalti ilikuwa arubaini. Siku ya tisa ilikuwa sita.
Ukoo wa Orsha, wanaoishi kwa kusindikiza mizigo,
wakakosa wa kumsindikiza.
Sikusikia matusi. Ningeshukuru kutukanwa.
Taa zao za kijani zilizimika moja moja kwenye kioo changu
kama madirisha ya mtaa uliohamwa na kiwanda.

Nikaandika mbili.

Usiku huohuo, langoni, meli arubaini na moja.
Vipande vilielea hadi asubuhi,
na Wahunzi, wauza magamba ya meli,
wakapandisha bei mara tatu kabla sijapiga mswaki.
Mwenye nacho akaongezewa.
Asiye nacho akafa tena, safari hii kwa mkopo.

Leelo, anayenizidi hesabu, alitazama grafu akatikisa kichwa:
kila ukiweka jiwe huku, kule kuna mtu ananing'inia.

Kisha ikaja barua ya Haldis,
mpokezi wa zamu ya usiku katika hospitali moja huko Narvik.
"Baba ana miaka sabini na minane, mikono inamtetemeka.
Hubeba maji, lita mia nne,
kuyapeleka kwenye kituo kisicho na haja ya maji.
Hapigani, hauzi. Anapenda kuiona ile sayari ya zambarau
ikichomoza ubavuni mwake.
Mkipanua, anasema pamegeuka soko, hakuna tena giza la kuliogopa.
Mkipunguza, anakufa.
Nyinyi mnachora duara. Yeye anataka njia."

Niliisoma nimesimama, koti mkononi.
Sikwenda nyumbani.

Nilifuta duara. Sasa sheria inafifia kwa hatua:
nyota ya kwanza, polisi hufika kabla mtutu haujapoa;
ya pili, sekunde sita;
ya tatu, kumi na nane;
ya nne wanasikia tu, hawaji.
Na achimbaye kwenye mwanga atoe ushuru,
ushuru uwalipe Orsha wanaokesha gizani.

Kwa nini kumi na nane? aliuliza Taavet. Kwa nini si ishirini?
Nikasema ni makadirio.
Haldis alikuwa amenipimia, kwa saa ya ukutani,
muda anaotumia baba yake kuipata swichi ya ngao.

Jana nilipanda meli ya bei ya kutupa, jina la bandia,
nikajibanza nyuma ya kimondo kwenye nyota ya tatu.
Ikapita meli ya maji, ikiyumba kidogo kushoto.
Nyuma yake mbili za Orsha,
zilezile zilizochinja langoni,
mwendo wa pole, bunduki zimefunikwa,
kama vijana wanaombebea mtu mzima mzigo
na hawataki kuonekana wakifanya hivyo.

Daftari la seva likaandika:
maji, lita mia nne. Ujira wa ulinzi: sifuri.

Safu hiyo sikuipanga mimi.

Leo kobalti ni kumi na tisa, Wahunzi wananung'unika,
na kuna mtu tayari amegundua namna ya kukwepa ushuru.
Nitashughulika naye.
Huko chini mtu anagonga gurudumu, anasikiliza, anagonga tena.